Ukumbusho au Hamu ya Zamani? Mashine Zilizonyamaza katika Picha na Modeli

Utangulizi

Katika sanaa za kuonekana za miaka ya karibuni limechipuka tawi zima linaloshughulika na mashine zilizopitwa na wakati. Huko Ulaya, Japani na Marekani, watu waliokuwa watoto katika miaka ya 1980 huzipiga picha mashine za michezo ya video zilizokuwa zikiwekwa katika mabaa na kumbi za starehe, zile zilizochezwa kwa kutumbukiza sarafu, na huziunda upya kwa matofali madogo ya plastiki. Mfano ulio wazi ni Pac-Man, mchezo uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980. Mwaka 2023 kampuni ya LEGO ilitoa modeli ya mashine hiyo yenye vipande 2,651. Anayeinunua hauchezi mchezo wenyewe. Huiunganisha mezani kipande kwa kipande, huzungusha mkono wake na kuwaona mizuka wakisogea, kisha huiweka juu ya rafu na kuitazama.

Mjini Lubumbashi mashine inayokumbukwa na wengi si ya mchezo. Ni kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza kazi mwaka 1911, pamoja na bomba lake la moshi lenye urefu wa mita 153 na kilima cheusi cha masalio ya madini kinachoonekana kutoka karibu kila mtaa. Hata hivyo, njia ambazo kwazo mashine hiyo hurudi machoni pa watu ni zile zile mbili: picha na modeli. Makala haya yanakusudia kuzichunguza njia hizo kwa kuzilinganisha kazi za wasanii wawili wa Kongo, yaani Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, na Bodys Isek Kingelez (1948–2015), mwunda modeli aliyefanya kazi Kinshasa. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni moja: je, kazi hizi huamsha hamu ya zamani tu, au hufanya jambo jingine ambalo Kiswahili cha Katanga kimekwisha kulipa jina?

Neno na mzigo wake

Neno “nostalgia”, ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa hisia hii, halikuzaliwa katika ushairi bali katika tiba. Lilibuniwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, mwanafunzi wa utabibu mjini Basel, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, la kwanza likiwa na maana ya kurejea nyumbani na la pili maumivu. Hofer alikuwa akieleza ugonjwa wa Waswisi walioishi ugenini. Hatimaye ugonjwa wa kutamani mahali ukageuka kuwa hisia ya kutamani wakati, na hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa maana mahali panaweza kurudiwa, wakati hauwezi.

Kiswahili hakina neno moja linalolingana na hilo. Husemwa hamu ya zamani, au kiu ya mambo yaliyopita, na mara nyingine majonzi. Lakini lugha hii ina utajiri wa aina nyingine, nao unatokana na muundo wa vitenzi vyake. Kutokana na kitenzi “kumbuka” hupatikana “kumbukumbu”, kitu kilichomo ndani ya mtu. Kutokana na umbo la kusababisha, “kumbusha”, hupatikana “ukumbusho”, kitu kinachomfanya mtu mwingine akumbuke. Tofauti hii si ndogo. Kumbukumbu inaweza kuwa ya mtu mmoja aliyekaa peke yake gizani. Ukumbusho hauwezi kuwepo pasipo watu wawili: anayekumbusha na anayekumbushwa. Neno la Kifaransa “mémoire” huzifunika maana hizo mbili kwa pamoja, na kwa sababu hiyo haliwezi kuonyesha mpaka uliopo kati yao.

Mpaka huo ulikwisha kuonekana na wachoraji wa Lubumbashi. Katika miaka ya 1970, Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walipozichunguza picha za kuchorwa zilizokuwa zikiuzwa mjini na kutundikwa katika sebule za wafanyakazi, waligundua kwamba wachoraji na wanunuzi wenyewe walikuwa wakilitumia neno “ukumbusho” kuelezea kazi ya picha hizo. Picha mashuhuri kuliko nyingi ilikuwa ile iitwayo “Colonie belge”, inayomwonyesha mfungwa akichapwa kiboko mbele ya mkuu wa kizungu. Hapana budi kuuliza: mtu anatundika picha ya namna hiyo juu ya kiti chake kwa sababu gani? Bila shaka si kwa kukitamani kiboko. Aliitundika ili mgeni aingiapo apate kuuliza, mwenye nyumba aeleze, na watoto wasikilize. Ukumbusho, basi, ulikuwa mwanzo wa mazungumzo, wala haukuhitaji kwamba jambo linalokumbushwa liwe zuri.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1947, aliupanua utaratibu huo kwa kuchora historia nzima ya nchi katika picha 101 kati ya mwaka 1973 na 1974, akizifafanua kwa Kiswahili mbele ya Fabian. Kabla yake, mwaka 1965, André Yav alikuwa amekwisha kuiandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani. Kwa hiyo msomaji wa Lubumbashi anapokutana na picha na modeli za leo, anakutana nazo akiwa na kigezo mkononi, nacho hakikutoka mbali.

Modeli na uzuri wa kupunguza

Claude Lévi-Strauss, katika kitabu chake La Pensée sauvage cha mwaka 1962, alieleza kwamba kitu kikipunguzwa ukubwa, jicho hukipata kizima kwanza na sehemu zake baadaye, na kwamba katika hali hiyo mtazamaji hujiona ana uwezo juu yake. Maelezo hayo yanaifaa sana mashine ya Pac-Man ya matofali. Kinachopunguzwa pale si kimo peke yake. Sarafu iliyokuwa ikimezwa haipo tena. Foleni ya vijana waliokuwa wakisubiri zamu haipo, wala kelele, wala aibu ya kushindwa mbele ya wenzako. Mashine ambayo ilimtawala mchezaji kwa kumhesabia dakika zake sasa inatawaliwa naye. Hamu ya zamani hupendeza kwa sababu imeondolewa gharama.

Watoto wa Katanga nao huunda modeli. Motokari za waya, zenye usukani mrefu unaomwezesha mtoto kuiendesha gari yake akiwa wima huku akitembea nyuma yake, zinajulikana kutoka Lubumbashi hadi Zambia na Malawi. Lakini motokari ya waya haimrudishi mtu zamani. Mtoto huunda gari analoliona likipita barabarani leo, na ambalo hana. Modeli yake imeelekezwa mbele. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba udogo wenyewe huzaa hamu ya zamani. Udogo huzaa uwezo, na uwezo huo unaweza kuelekezwa nyuma au mbele.

Kingelez aliuelekeza mbele. Alizaliwa katika kijiji cha Kimbembele Ihunga, akahamia Kinshasa mwaka 1970, akafundisha, kisha akafanya kazi ya kukarabati vitu vya sanaa katika taasisi ya makumbusho ya taifa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 alijenga majumba na miji kwa karatasi, kadibodi, plastiki na vifaa vya kufungashia bidhaa. Jina lake lilivuka mipaka baada ya maonyesho ya Magiciens de la terre mjini Paris mwaka 1989, na mwaka 2018 Museum of Modern Art ya New York ilifungua maonyesho makubwa ya kazi zake, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mwaka 1994 alikijenga upya kijiji chake cha kuzaliwa. Msanii mwenye hamu ya zamani angekijenga kama kilivyokuwa, nyumba kwa nyumba. Kingelez alikigeuza kuwa mji wa majumba marefu na barabara pana. Alikitazama kijiji cha utoto wake akakidai kile ambacho kilistahili kuwa nacho.

Udai huo unaonekana zaidi katika modeli yake ya mwaka 1991 ya kituo cha kuwatibu wagonjwa wa ukimwi. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Kinshasa iliporwa na wanajeshi wasiolipwa mishahara pamoja na raia waliowafuata. Kuijenga hospitali ya karatasi yenye rangi za kung’aa katika wakati ambapo hospitali za kweli zilikuwa zikikosa dawa si ndoto ya mtoto. Ni lawama iliyovikwa nguo ya sherehe.

Hata hivyo, lawama hiyo ina udhaifu wake kifani. Katika miji ya Kingelez hamna sanamu za watu. Majengo yana majina na maandishi, barabara zimepangwa, lakini hakuna anayetembea. Aliueleza mmoja wa miji hiyo, Ville Fantôme wa mwaka 1996, kuwa mji wa amani usiohitaji polisi. Inawezekana hauhitaji polisi kwa sababu hauna wakazi. Mtazamaji huvutiwa, huzunguka meza, huinama. Lakini hakuna anayemtazama kutoka ndani ya mji. Kwa kigezo cha ukumbusho, modeli hizi zina anayekumbusha bila kuonyesha ni nani anayetetewa.

Picha na kurudishwa kwa mfanyakazi

Mfululizo wa Baloji uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, unafuata njia iliyo kinyume. Msanii alizipiga picha za rangi katika maeneo ya Gécamines yaliyokwisha kuchakaa: mabati yaliyotoboka, mashine zilizoliwa na kutu, viwanja vitupu. Kisha akazitafuta katika hifadhi ya kampuni picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe, zilizopigwa wakati wa Union Minière du Haut-Katanga, akawakata watu waliomo na kuwasimamisha katikati ya magofu ya leo. Wapo wafanyakazi wa Kiafrika waliopangwa kwa safu, na wapo pia wakuu wa kizungu waliovaa suti. Kazi hiyo, ambayo iliandamana na filamu fupi aliyoifanya pamoja na mchezaji dansi Faustin Linyekula, ilionyeshwa mwaka 2010 katika Museum for African Art ya New York kwa usimamizi wa mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki. Maonyesho hayo yaliitwa The Beautiful Time, yaani wakati mzuri.

Jina hilo linahitaji kuchunguzwa kwa uangalifu, kwani ndani yake ndimo ulimo mgogoro wote. Kwa wazee wengi wa kambi za wafanyakazi, enzi za Union Minière na miaka ya kwanza ya Gécamines huitwa wakati mzuri bila kejeli. Palikuwa na posho, hospitali, shule, nyumba, na mshahara uliofika siku yake. Lakini picha walizokatwa watu wa Baloji ni za wakati ambapo wafanyakazi walikuwa wakikusanywa vijijini na kupelekwa migodini, na ambapo kampuni ilianza kuwaruhusu kuishi na wake zao, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa sababu ilitaka kuizalisha nguvukazi yake papo hapo. Ni wakati uliofikia mwezi wa Desemba 1941, askari walipowafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma mjini humu na kuwaua makumi miongoni mwao. Tukio hilo Tshibumba hakulisahau katika historia yake ya picha.

Basi Baloji afanyapo kumsimamisha mfanyakazi wa zamani juu ya gofu la leo, anaukanusha wakati mzuri kwa pande zote mbili. Anamwambia anayeilaani leo peke yake kwamba jana nayo ilikuwa na minyororo yake. Anamwambia pia anayesema kwamba ukoloni ulikwisha, basi mambo yametengemaa, atazame mabati. Rangi ndiyo inayobeba hoja hiyo. Kwa kawaida picha nyeusi na nyeupe humwambia mtazamaji kwamba mambo haya yamepita, na picha ya rangi humwambia kwamba yapo. Zikiunganishwa bila kufichwa mshono, mtazamaji hushindwa kukaa upande mmoja wa wakati. Hawezi kuiweka picha rafuni na kuitawala kama modeli ya matofali, kwa sababu watu walio ndani yake wanamtazama.

Jambo jingine la kuzingatiwa ni umri wa msanii. Machimbo ya Kamoto yalipoporomoka mwezi wa Septemba 1990, na kuanguka kwa Gécamines kukawa dhahiri, Baloji alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Union Minière, iliyotaifishwa mwanzoni mwa mwaka 1967, hakuiona kabisa. Hakuwa, kwa hiyo, na kumbukumbu ya kuionea hamu. Alichokuwa nacho ni masimulizi ya wakubwa, na masimulizi hayo ndiyo aliyoyahoji. Hapa neno “mémoire” linalosomeka kwenye kichwa cha mfululizo halimtoshi. Neno linalofaa ni lile la wachoraji waliomtangulia.

Hamu ya nini?

Itasemwa kwamba hamu ya wazee ni udanganyifu, kwamba wanautamani utumwa uliopakwa rangi. Hoja hiyo ni ya haraka mno. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha zaidi ya tani 470,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikia hata tani 50,000. Katika mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliieleza hali hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2001 ambacho kichwa chake kinaanza kwa maneno ya Kiswahili cha hapa, Bana Shaba: watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Kampuni ilikuwa imejifanya baba, na baba alipotoweka watoto hawakujua tena waitwe nani.

Tangu hapo shaba imerudi. Kuanzia mwaka 2022 nchi nzima imekuwa ikizalisha zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, kiasi ambacho Gécamines haikupata kukikaribia. Hata kilima cheusi cha Lubumbashi, ambacho picha nyingi hukifanya alama ya mambo yaliyokwisha, kilianza kuchimbwa upya mapema katika miaka ya 2000 kwa ajili ya kobalti iliyosalia ndani yake. Kama wazee wangekuwa wakiitamani mashine yenyewe, hamu yao ingekuwa imetulizwa, kwa kuwa mashine mpya ni nyingi na ni kubwa kuliko za zamani. Haikutulizwa. Hii ni dalili kwamba walichopoteza si mashine bali ahadi iliyokuwa imefungwa nayo, ya kwamba anayechimba atatibiwa, na mtoto wake atasoma.

Kwa sababu hiyo, hamu ya zamani ya Lubumbashi haifanani na ile ya mashine za michezo. Anayeunda Pac-Man ya matofali anakitamani kipindi chake cha utoto, na anajua kwamba hakuna wa kumdai. Mfanyakazi wa zamani anatamani kitu ambacho kuna mwenye kudaiwa. Svetlana Boym, katika kitabu chake The Future of Nostalgia cha mwaka 2001, aliitenga hamu inayotaka kuijenga upya nyumba iliyobomoka na ile inayotafakari magofu yake. Mgawanyo huo unasaidia, lakini hautoshi hapa. Ipo aina ya tatu, hamu iliyo na deni, na hiyo haiishi kwa kujenga wala kwa kutafakari.

Mtazamaji na jina

Likichukuliwa kwa kigezo hicho, kosa moja la Mémoire laonekana. Picha za mfululizo huo hazina majina. Zimepewa namba tu. Watu waliokatwa kutoka katika hifadhi ya kampuni wamebaki bila kutajwa, kama walivyobaki katika hifadhi yenyewe. Huenda msanii alitaka kuonyesha kwamba kampuni iliwanyang’anya majina. Lakini matokeo yake ni kwamba mtazamaji wa New York au Brussels huona uzuri wa kutu na heshima ya nyuso, akaondoka bila kujua afanye nini na huzuni yake. Tshibumba, ambaye rangi zake zilikuwa duni na turubai zake ni za magunia ya unga, aliandika maneno juu ya picha. Alitaja mwaka, alitaja mahali, alitaja mtu. Hakumwachia mtazamaji nafasi ya kustarehe.

Upungufu huo haukupuuzwa na msanii mwenyewe, ikiwa matendo yatahesabiwa pamoja na kazi. Mwaka 2008 Baloji alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Picha, kituo kilichochukua jina la Kiswahili, na wa maonyesho yaliyokuja kuitwa Biennale ya Lubumbashi. Na katika kazi yake ya mwaka 2013, Essay on Urban Planning, aliziweka picha za mji zilizopigwa kutoka angani bega kwa bega na picha za nzi na mbu, kuwakumbusha watu ule ukanda wa mita 500 uliotenga mji wa wazungu na mji wa Waafrika kwa kisingizio cha malaria. Hapo anayekumbushwa ni mkazi wa Lubumbashi, anayeuvuka ukanda huo kila siku aendapo sokoni.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba picha na modeli zote mbili zinaweza kuitumikia hamu ya zamani, na kwamba zote mbili zinaweza kuikataa. Modeli ya matofali huifanya jana kuwa ndogo na tulivu. Modeli ya Kingelez huidai kesho, ingawa imewasahau wakazi wake. Picha ya Baloji humrudisha mfanyakazi mahali pake, ingawa haikumrudishia jina lake. Wachoraji wa miaka ya 1970 walikuwa wamekwisha kulitatua tatizo hilo kwa neno moja la Kiswahili na kwa maandishi machache yaliyopakwa rangi juu ya turubai.

Kwa wahakiki wa Kiswahili kuna kazi hapa, nayo haiwezi kuahirishwa sana. Hifadhi za picha za kampuni zipo, na baadhi ya watu wanaoweza kuzitambua nyuso zilizomo wangali hai katika mitaa ya zamani ya wafanyakazi, lakini wanazeeka. Kuketi nao, kuwaonyesha picha, na kuyaandika majina wanayoyataja, kwa lugha wanayoyatajia, ni jambo ambalo msanii hawezi kulifanya peke yake. Bila majina hayo picha zitaendelea kupendeza, na wanaodaiwa wataendelea kuzisifu.